Kiangazi cha Imani

Imani, kama shamba, ina masika yake na kiangazi chake. Wakati wa masika sala hububujika kinywani kama maji ya chemchemi, na muumini hudhani kuwa hali hiyo itadumu. Kisha hufika siku apigapo magoti asisikie kitu: maneno ya sala ni yale yale, lakini utamu wake umetoweka. Hapo huzuka swali gumu: je, imani imekufa, au ni furaha ya imani tu iliyokwenda zake?

Mama Teresa wa Calcutta alilijua swali hili kuliko wengi. Alizaliwa Skopje mwaka 1910, akafika India mwaka 1929 kuanza maisha ya utawa. Mwaka 1946, akiwa katika garimoshi kwenda Darjeeling, alisadiki kwamba ameitwa kuwatumikia maskini wa maskini. Haukupita muda mrefu baada ya kuianza kazi hiyo, giza likamwingia moyoni. Liliendelea kwa karibu miaka hamsini, ila kwa nafuu fupi mwaka 1958, mpaka alipofariki mwaka 1997. Ulimwengu uliomtunza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1979 uliona tabasamu, haukuona kiu. Barua zake za siri, alizotaka ziharibiwe, zilichapishwa mwaka 2007.

Baadhi ya wasomaji walimwita mnafiki, na yeye mwenyewe aliiogopa shutuma hiyo. Walakini mnafiki huonyesha asichokuwa nacho ili apate faida. Teresa aliamka alfajiri, akasali, akauguza wasio na wa kuwauguza, na faraja ya moyo hakuipata. Mapenzi ya mama hayapimwi kwa kicheko cha mchana, bali kwa usiku wa homa ya mtoto, aamkapo bila furaha yoyote, lakini huamka.

Mkulima hutifua ardhi kavu ili masika yamkute tayari. Masika ya Teresa hayakurudi, wala jembe hakulitupa. Mwaka 1961, kwa msaada wa padre mmoja, alianza kuliona giza lile kuwa ushirika na upweke wa Kristo msalabani, na upweke wa maskini wasiopendwa na mtu. Kiangazi hakikwisha, ila kilipata maana. Basi asalivyo mtu katika ukavu si ushahidi wa imani iliyokufa. Huenda ndiyo sala pekee asiyolipwa kitu kwayo, na kwa hiyo ndiyo sala aitoayo bure.