Mzee wa Milimani na Jua la Pwani

Mtu wa milimani anaposhuka Mombasa kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona maduka mengi ya Mji wa Kale yamefungwa baada ya adhuhuri, na watu wazima wenye afya njema wamejinyosha barazani katika saa ambazo kwao Nyeri au Kericho kila mtu yuko kazini. Mara husema, "Watu wa pwani ni wavivu." Neno hili limesemwa kwa miaka mingi, nalo hupokelewa upesi, kwa kuwa kila alisemaye hujihesabu mwenyewe kuwa mchapa kazi. Hizi ni habari za mzee mmoja aliyelisema, na jinsi lilivyokaribia kumtoa roho.

Mzee huyo alikuwa mkulima wa kahawa kutoka sehemu za Nyeri, mwenye ng'ombe wawili wa gredi na umri uliopita miaka 70. Mwanawe mkubwa alikuwa karani katika kampuni moja ya shehena bandarini, na kwa akiba yake alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu huko Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Kuta zilikuwa za matofali na paa la mabati. Dari haikuwamo, maana fedha zilimwishia alipofika juu. Mwezi wa Februari, mwaka 2019, kahawa ilipokwisha kuchumwa, alimwalika baba yake aje aione nyumba ile na kukaa nao mwezi mmoja.

Mzee aliwasili amevaa kofia na koti la sufi, kama ilivyo heshima ya wazee wa kwao. Aliisifu nyumba, akaibariki. Lakini alipozunguka nyuma alikuta kiwanja chenye visiki na magugu, akauliza ni kwa nini ardhi ilale bure. Siku ya pili alinunua jembe.

Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja mjane, ambaye saa za mchana hushinda chini ya mwarobaini akisuka ukili. Siku ya tatu, alipomwona mzee angali analima saa sita, alivuka akamwamkia, kisha akamwambia, "Mzee, jua hili si la kwenu. Liache jembe mpaka alasiri." Mzee alimshukuru kwa adabu, akaendelea kulima. Jioni alimwambia mwanawe, kwa sauti iliyosikika hata ng'ambo ya njia, "Sasa nimejua kwa nini watu hawa hawana mashamba. Hulala mchana kama paka." Karani alicheka tu. Alijua kwamba maneno yale si ya haki, lakini si rahisi mtoto kumwambia baba yake aketi chini, hasa baba ambaye jembe lake ndilo lililomlipia karo.

Kosa la mzee halikuwa upungufu wa nguvu. Nyeri iko zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni ya baridi. Mtu akilima huko, jasho lake hukauka upesi, na kwa kukauka huondoka na joto la mwili. Ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji: maji kidogo hupenya mpaka nje, hukauka, na yaliyobaki ndani huwa baridi. Lakini Mombasa katika Februari na Machi, kaskazi inapoanza kulegea, joto la mchana hufika digrii 32 au 33, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Nguo iliyofuliwa hukawia kukauka, na jasho vivyo hivyo. Humtiririka mtu mpaka miguuni bila kumpoza. Usiku nao hausaidii sana, kwani joto hushuka kwa shida mpaka digrii 24 au 25, na mwili haupati nafasi ya kurudisha ulichopoteza mchana.

Zaidi ya hayo, mgeni huhitaji kadiri ya juma moja au mawili kabla mwili wake haujazoea hali hiyo. Tena mzee huhisi kiu kidogo kuliko kijana, hata kama mwili wake umekaukiwa. Na huyu kila asubuhi alikuwa akimeza kidonge cha shinikizo la damu, cha namna ile inayopunguza maji mwilini. Mambo yote hayo yalikuwa yakimngojea pale kiwanjani, naye hakuyaona, kwa kuwa joto halina kishindo.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Karani alikuwa kazini, katika afisi yenye mashine ya kupoza hewa, na mkewe alikuwa amekwenda sokoni Kongowea. Mzee alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi, naye alikuwa amekazana kung'oa kisiki cha mwisho, koti lingali mwilini. Yapata saa saba, mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, alitoka kumwita aje ale. Alimkuta amesimama wima, jembe amelishika kwa upande wa chuma, akiwaita ng'ombe wake kwa majina. Alipomwona mtoto, alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha magoti yakalegea, akaanguka.

Mtoto hakuingia ndani kutafuta simu. Alikimbia kwa bibi wa mwarobaini.

Yule bibi alikuja na ndoo ya maji na leso mbili. Aliwaita vijana waliokuwa njiani, wakambeba mzee mpaka kivulini. Alimgusa kifuani, akauona mwili wake una moto kama sufuria iliyoepuliwa mekoni. Akamvua koti, kofia, viatu na shati, akammwagia maji mwili mzima. Leso moja aliilowesha akamzungushia shingoni, na ya pili akampitishia makwapani, kisha akaanza kumpepea kwa kipepeo cha ukili, na vijana wakapokezana. Jirani mmoja alileta soda akitaka kumnywesha. Bibi alimzuia kwa ukali, akisema kwamba mtu asiyejijua hanyweshwi kitu, maana kitapita njia ya pumzi. Waliendelea kummwagia maji na kumpepea hata ndani ya gari lililompeleka hospitali.

Huko daktari aliiambia jamaa kwamba ugonjwa ule huitwa kiharusi cha joto. Mwili ukipita digrii 40, mtu huanza kupotewa na akili, na asipopozwa upesi hufa, au hupona akiwa na madhara ya ubongo na figo. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mishipa kukaza ndizo hodi za kwanza. Anayesikia hodi hizo na kuketi kivulini na kunywa maji huponea hapo. Mzee alikuwa amezisikia tangu siku ya tatu, akazidharau. Daktari alisema pia kwamba ndoo ile ya maji na kipepeo kile ndivyo vilivyomwokoa. Dawa zilikuja baadaye.

Ilikuwaje bibi yule akajua la kufanya? Mumewe alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika viwanja vya chumvi kaskazini ya Malindi, mahali pasipo na mti, ambapo jua hupiga kutoka juu na kurudi tena kutoka kwenye chumvi. Huko watu wameanguka mbele ya wenzao, na elimu ya kuwaokoa imepatikana kwa gharama.

Mzee aliporudi nyumbani baada ya siku sita, jambo la kwanza alilofanya ni kuvuka njia. Aliketi juu ya mkeka chini ya mwarobaini, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama, mimi nilisema ninyi ni wavivu."

"Nilisikia, Mzee," bibi akajibu. "Sauti yako ni kubwa."

Wote wawili wakacheka. Ndipo bibi akamweleza namna siku inavyopangwa. Kabla ya alfajiri watu wamekwisha kuamka. Baada ya sala kazi huanza, ikaendelea mpaka saa nne au saa tano. Jua linapopanda, wenye kazi za mikono huzihamishia kivulini, na mchana hula chakula chepesi, wakalala kidogo. Baada ya alasiri hurudi kazini mpaka magharibi, na wengine mpaka usiku. "Hesabu saa zetu, Mzee," alisema, "utaona zimetimia kama zenu. Ila sisi hatumpi jua zile anazozidai yeye."

Maneno hayo yalimgusa karani kuliko baba yake. Yeye alikuwa ameishi Mombasa miaka kumi na miwili, na kila mchana alikuwa akishinda katika hewa ya mashine. Hakuwa amewahi kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe saa nane mchana siku ya kazi. Jumatatu iliyofuata aliomba ruhusa, akakaa. Bati likipigwa na jua huwa moto usioguswa, na moto huo huteremka moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo. Alimkuta mkewe akipika huku amejifunga kitambaa kilichoroweshwa, na mtoto mdogo amelala uchi sakafuni kwa kuwa kitanda hakikulalika. Hapo alifahamu kwamba baba yake alikaa juani kwa ukaidi, ndiyo, lakini pia kwa sababu ndani hapakuwa pa kukimbilia.

Wazee waliojenga Lamu na Mombasa walilijua jambo hili. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakazipaka chokaa nyeupe inayorudisha jua, na njia wakazifanya nyembamba ili nyumba moja iifunike nyingine kwa kivuli chake. Watu wa vijijini wakaezeka makuti mazito, ambayo hayashiki joto kama bati. Karani hakuweza kubomoa nyumba, lakini aliweza kuitengeneza. Alipaka mabati rangi nyeupe kwa nje. Aliweka dari ya mbao nyepesi na kuacha matundu ya hewa chini ya paa. Alitoboa dirisha la pili likabiliane na la kwanza, upepo upate kuingia na kutoka. Jiko alilihamisha nje, chini ya kibanda cha makuti. Mzee naye, kwa mikono yake, alipanda mwarobaini mmoja upande wa magharibi, mahali palipokuwa na kisiki cha mwisho. Aliupanda saa kumi na moja jioni.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya watu wasio na maendeleo. Mwezi wa Agosti, mwaka 2003, joto kali liliishika Ufaransa, nchi yenye madaktari na hospitali nyingi. Watu wapatao 15,000 walikufa huko katika majuma machache, wengi wao wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao. Mvua ya mawe ingalileta kelele; joto liliingia kimya, na baadhi yao walikutwa baadaye. Tangu hapo, halmashauri za miji ya nchi ile huweka daftari la wazee wanaotaka kuandikwa, ili joto linapozidi wapigiwe simu na kuulizwa hali zao. Taifa tajiri lilijifunza kwa msiba jambo ambalo bibi wa Kisauni alilifanya kwa kuvuka njia: kumtazama jirani.

Na haja ya kutazamana inazidi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, serikali ya Sudan Kusini ilizifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika digrii 45. Hata milimani wakulima wanaona kwamba kiangazi si kile walichokizoea.

Mzee alirudi kwao mwezi wa Aprili, mvua zikikaribia. Majirani walitegemea kusikia habari za bahari na meli, lakini yeye alishughulika kwanza na zizi. Aliinua paa lake, akaongeza kivuli cha nyasi juu ya bati, na karai la maji lililokuwa likijazwa mara mbili kwa siku akaagiza lisiwe tupu wakati wowote. Kwa maana ng'ombe wa gredi, mwenye asili ya nchi za baridi, akizidiwa na joto hupunguza kula, na maziwa hupungua pamoja naye. Na kuku, asiye na jasho kabisa, hutweta tu mpaka afe. Majani ya kulisha alianza kuyatoa alfajiri na jioni. Vijana wake wa kazi aliwaamuru waweke majembe chini saa sita wakati wa kiangazi, wayashike tena saa tisa na nusu.

Jirani mmoja, mkulima hodari wa rika lake, alipopita njiani siku moja ya jua kali aliwaona vijana wale wamelala chini ya mti, na mwenyewe ameketi karibu nao bila koti. Akasimama, akauliza kwa mzaha kama pwani imemfundisha uvivu.

Mzee alimwonyesha mahali pa kukaa, akamwita mtoto alete maji.