Chuo cha juu ya duka la mapazia

Mzazi mwenzangu, kama unaishi Magomeni kama mimi, unajua kwamba Kariakoo ni karibu mpaka mvua inyeshe. Mwendokasi unateremka bonde la Jangwani, unavuka Mto Msimbazi, na kabla hujatafuta chenji umefika Fire. Lakini masika yakikolea, mto unapanda barabarani, Barabara ya Morogoro inafungwa, na sisi wa ng'ambo tunabaki kutazamana.

Nilikuwa na hilo kichwani Jumatano nilipokwenda na binti yangu kukagua chuo. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL. Nafasi katika chuo kikubwa cha mkoani anayo, lakini moyo wake uko kwenye chuo kidogo cha hapa Kariakoo, ambako mwaka wa kwanza wote husoma historia, uandishi na hesabu kabla ya kuchagua fani. Baba yake aliuliza swali moja tu: "Chuo gani kinakaa juu ya duka la mapazia?"

Kweli, kiko juu ya duka la mapazia. Tulipanda ngazi tukipishana na wabeba mizigo. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 22, na mwalimu alikuwa akiwabishia nao wakimbishia. Hilo lilinipendeza. Maktaba ilikuwa imefungwa. Mwenye ufunguo, tuliambiwa, ametoka kidogo. Hilo halikunipendeza, na tulimsubiri karibu saa nzima bila kumwona.

Nilimuuliza mwalimu: Jangwani ikifungwa, watoto wa Magomeni mnawafanyaje? Hakuanza kunieleza kanuni. Alitaja wanafunzi watatu wa upande wetu, akasema nani humpigia simu na nani humtumia kazi kupitia kwa mwenzake. Katika ukumbi wa watu 400, mwanangu asipofika nani atajua?

Tukatoka kuelekea Mnazi Mmoja, tukapita Mtaa wa Lumumba. Nikamwonyesha binti yangu mtaa huo kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilianzia hapa Oktoba 1961, katika jengo la kuazima la chama cha TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika hata 20. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Julie Manning, aliyesoma sheria katika chuo hicho miaka ile ya 1960, baadaye akawa Waziri wa Sheria.

"Basi baba ameshindwa," binti akasema.

Nikamwambia asiharakishe. Chuo kile cha Lumumba kilikuwa kidogo, lakini shahada yake ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London, na kila mwajiri aliijua. Udogo haukuwadhuru kwa sababu nyuma yao palikuwa na mtu wa kuwadhamini. Kwa hiyo usiku ule tulikaa na simu, tukatafuta kozi yenyewe, si jina la chuo peke yake. Shahada huangaliwa TCU, astashahada na stashahada NACTVET. Kuna wazazi waliokuja kugundua mwaka wa pili kwamba chuo kina usajili lakini kozi ya mtoto haina, na ada ilishaliwa.

Kozi ya binti yangu tuliikuta. Baba yake aliisoma mara mbili, akavua miwani, akanyamaza. Kwake hiyo ni nusu ya ndiyo.

Ada ya muhula wa kwanza bado iko kwenye kikoba. Jumatatu nitarudi bila kutoa taarifa, saa nane mchana, wakati ambao wanafunzi wangetakiwa kuwa maktaba. Nataka kuona kama ufunguo umerudi.