Kuchuma Lililoiva

Mama yangu alichuma kahawa Ruiru kwa miaka mingi, na likizo za Desemba nilimfuata shambani. Kila mchumaji alikuwa na debe lake, na malipo yalihesabiwa kwa debe. Nikiwa na miaka tisa niliona hesabu hiyo ni rahisi. Nikashika tawi kwa ngumi, nikalivuta kutoka shinani hadi nchani, na matunda yakamiminika yote pamoja: mekundu, ya njano, mabichi, na majani juu yake. Nusu saa haikuisha, debe likakaribia kujaa.

Mama hakunigombeza. Alilimwaga debe langu juu ya gunia, akaniketisha chini ya mti, akaniambia nitenge. Nilitenga mpaka saa nane mchana. Mekundu yalipobaki peke yake, hayakufika robo ya debe. Kisha akanipeleka kwenye lile tawi, akanionyesha vichipukizi nilivyovikwanyua pamoja na matunda. "Umechuma na ya mwakani," akasema, akarudi kazini.

Debe lile lilinirudia nikiwa mtu mzima, saa saba usiku, mbele ya kompyuta. Mchana wake nilikuwa nimepiga picha za ngurario nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, papa hapa Ruiru, na kadi zangu mbili zilikuwa na picha zaidi ya 3,800. Nilizipitia zote. Picha niliyoihitaji kuliko zote haikuwemo.

Aliyewahi kuhudhuria sherehe hii ya Wakikuyu anaijua saa ninayoisema. Wanawake kadhaa hutolewa nyumbani wamefunikwa leso kichwa hadi miguu, wakapangwa mstari, na bwana harusi hutakiwa amtambue wake. Akikosea hutozwa faini, watu wakacheka, akajaribu tena. Akipata, leso hufunuliwa na hema zima likajaa vigelegele. Kati ya leso kuinuka na uso kuonekana haipiti sekunde moja.

Nilijua saa hiyo inakuja. Nilikuwa na kamera mpya, ya zile zisizo na kioo ndani, inayoweza kupiga fremu 10 kwa sekunde. Nikajiambia nitabonyeza tangu mwanzo nisiachilie, na lolote litakalotokea litakuwemo. Bwana harusi alipoanza kuupita mstari, nikabonyeza. Akasita kwa wa kwanza. Akainama kuvitazama viatu vya wa pili. Alipofika kwa wa tatu, kamera ikaanza kuchechemea, kisha ikakwama. Leso ikafunuliwa. Nyuma ya bibi harusi, nyanya yake aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi aliinuka bila mkongojo, mikono yote miwili juu. Taa ya kadi ilikuwa ikiwaka na kuzima. Kamera ilipokubali kupiga tena, nyanya alikuwa ameshaketi.

Nilipopeleka picha, mama wa bibi harusi alizitazama moja moja, akanishukuru, halafu akauliza kwa upole, "Na ile ya shosho akisimama, mwanangu?"

"Nisamehe, Mama. Sikuipata."

Hakuongeza neno. Ukimya ule ndio ulionipeleka kuisoma kazi yangu upya.

Nilianza na kukwama kwa kamera. Picha ghafi moja ya megapikseli 24 huweza kufikia megabaiti 25 au zaidi. Fremu 10 kwa sekunde ni megabaiti 250 kila sekunde, na kadi niliyokuwa nayo haikuweza kuandika hata theluthi ya hizo. Kwa hiyo kamera huzipokea picha kwanza katika kumbukumbu yake ya ndani, kisha huzishusha kwenye kadi kidogo kidogo. Ni kama kumimina ndoo ya maji kwenye mtungi kwa faneli: juu maji yanaingia kwa wingi, chini shingo ni nyembamba. Faneli ikijaa, huna budi kungoja. Kadi yenye kasi huipanua shingo, na nawashauri wanaoanza wasibane pesa hapo. Lakini hakuna kadi inayomwokoa anayemimina kabla ya wakati. Niliijaza faneli yangu kwa picha za mtu anayetazama viatu, na furaha ya nyanya ilipofika haikupata nafasi.

Kasi hii tuliyo nayo ni mpya. Katika kamera za zamani kioo kidogo kiliuelekeza mwanga kwenye jicho la mpiga picha, na kwa kila fremu kililazimika kuinuka na kushuka. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kidijitali ya lenzi za kubadilisha isiyokuwa na kioo hicho. Kufikia mwaka 2017, Sony A9 ilikuwa ikipiga fremu 20 kwa sekunde bila kumfumba macho anayetazama. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuwa mmoja wa wapiga picha wa habari mashuhuri kabisa kutoka Afrika, alikulia katika kazi ambayo roli moja ya filamu ilibeba fremu 36. A9 ingeimaliza roli hiyo kwa sekunde 1.8. Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991 ulimpokonya mkono wa kushoto, na bado alirudi kazini. Kizazi chake kilijua kwamba kila fremu ina bei, kwa hiyo kilichagua kabla ya kubonyeza. Sisi tumepewa fremu za bure, tukaahirisha kuchagua.

Hata upigaji wa mfululizo wenyewe ulizaliwa kutokana na swali. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, akatandika nyuzi ambazo farasi alizikata akipita, kila uzi ukafyatua kamera yake. Alitaka kujua kama farasi akikimbia kwa kasi kuna nukta ambayo kwato zote nne ziko hewani. Ipo, na hutokea miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wakati wachoraji walikuwa wameichora miaka mingi ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Kamera 12 zilitosha kwa sababu Muybridge alijua anatafuta nini. Mimi pale Ruiru nilikuwa na picha 3,800, na sikuwa nimejiuliza swali hata moja.

Kasi ina deni jingine pia. Nyingi za kamera hizi hufikia kasi yake ya juu kwa shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalofunguka na kufunga. Sensa husomwa mstari baada ya mstari, toka juu hadi chini. Kitu kikisonga haraka kuliko usomaji huo, umbo lake hupinda. Piga picha hivyo kutoka dirishani mwa matatu linalokimbia Thika Road, uone nguzo za taa zilivyoinama kama migomba yenye upepo. Chini ya taa za LED za kumbi nyingi, picha huweza kutoka na mistari ya giza, kwa sababu taa huwaka na kufifia haraka kuliko macho yetu yanavyoona, na sensa huzikuta katikati ya kufifia. Kamera za bei kubwa husoma sensa kwa haraka zaidi, na tatizo hupungua. Kwa sisi wengine, ukumbini ni heri shata ya mitambo, fremu chache na ukweli.

Lakini kukwama kwa kamera kulinificha kosa kubwa zaidi, na nilichukua wiki kadhaa kulikubali. Siku ile nilikuwa nimekodi lenzi ya milimita 70 hadi 200, nzito, ya heshima, kwa kuwa nilikuwa nimeiona mikononi mwa wapiga picha ninaowastahi. Ilinilazimisha kusimama mbali, nyuma ya viti, nikipiga katikati ya simu zilizoinuliwa. Nilipozitazama tena fremu za mwisho kabla ya kukwama, niliona zimejaa leso ukingo hadi ukingo. Hata kamera isingekwama, nyanya asingekuwemo. Nilimwona kwa jicho langu la pili, lile lililokuwa nje ya kamera.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wanamkemea anayetafuta kisingizio kwenye zana, na wako sahihi. Ila mkulima wa nanasi kule Thika na mchumaji wa kahawa wa Ruiru hawabebi zana moja, na kila mmoja anajua kwa nini. Lenzi huamua mahali utakaposimama, na mahali unaposimama huamua utakuwa nani kwa wale unaowapiga picha. Ndefu hukuweka ukingoni, na kwa mpira wa uwanjani au ndege wa Maporomoko ya Chania hapo ndipo pako. Fupi hukuita ndani, karibu na watu, mahali ambapo uso unaonekana pamoja na wale wanaoushangilia.

Nilifungua picha zangu za mwaka mzima, nikatenga zile ambazo wenyewe walizichapisha na kuzitundika ukutani, nikaangalia zilipigwa kwa urefu gani wa lenzi. Zilizo nyingi zilikuwa kati ya milimita 35 na 50. Kazi yangu ilikuwa ikiniambia jibu siku zote, nami nilikuwa nikiangalia mabega ya wenzangu. Nikanunua lenzi moja ya milimita 35, isiyovuta wala kusogeza, yenye tundu la f/1.8. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, ambayo ndiyo mwisho wa lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera zikivutwa hadi mwisho. Chini ya hema la turubai jioni, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mkono unaopunga utaonekana mkono au ukungu. Mwenye kamera ya sensa ndogo akumbuke kuzidisha kwa 1.5 au 1.6, kwake milimita 50 itabana kama 75 au 80.

Ngurario iliyofuata ilikuwa Makongeni, Thika. Safari hii nilikwenda jioni ya siku iliyotangulia. Nilimsalimu mama wa bibi harusi, nikamwuliza, "Mama, kesho ni nani ambaye hutaki akose kuonekana?" Akanyamaza kidogo, akanionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa akiosha sufuria kando ya bomba. "Huyo dada yangu. Yeye ndiye alimlea nilipokuwa mgonjwa."

Kesho yake nilijua nisimame wapi. Nilipiga goti mwisho wa mstari, hatua tatu kutoka kwa wanawake waliofunikwa, mahali ambapo yule dada alionekana nyuma yao. Bwana harusi akapita wa kwanza, kidole changu kikatulia. Akapita wa pili, kikatulia. Nilikuwa natazama mikono yake. Vidole vyake viliposhika pindo la leso ya nne, nikabonyeza, nikahesabu moja, nikaachilia.

Fremu 10. Katika ya kwanza leso imekata uso nusu. Katika ya sita, uso umetoka, na yule dada ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi tayari. Katika ya kumi kila mtu anatazama kamera. Ya sita ndiyo iko ukutani mwao. Siku nzima nilirudi na picha zisizofika 900.

Sitaidharau kasi baada ya hapo. Kati ya fremu ya tano na ya saba hakuna kidole cha binadamu kingeweza kuchagua. Mashine ilinisaidia pale ambapo nguvu zangu zinaishia. Lakini ilinisaidia ndani ya sekunde moja tu, na sekunde hiyo niliichagua mimi, tangu jana yake, kwa swali nililomwuliza mama yule.

Nadhani tunaishi sana kama nilivyochuma kahawa utotoni. Tunajaza simu picha elfu za mtoto na hatuketi kuzitazama naye. Tunakubali kila kazi, kila mwaliko, kila kozi, tukisema tutatenga baadaye. Baadaye huja usiku, umechoka, na unagundua kwamba umechuma na ya mwakani. Anayechagua mapema hupoteza mengi, hilo halikwepeki. Pale Makongeni sina hata picha moja ya bwana harusi akitazama viatu. Nimekubali kuzikosa.

Kwako kijana unayeanza kazi hii, Thika au Ruiru au popote: kabla ya kununua lenzi, zitazame picha zako ambazo watu wamezitundika. Kabla ya kubonyeza, jua unamngoja nani. Na ukibonyeza, bonyeza kwa moyo wote, kisha uachilie.

Mashamba mengi ya kahawa ya utoto wangu yamekuwa nyumba. Hata Tatu City imejengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya kahawa. Katika yale yaliyobaki, msimu ukifika, kahawa bado huchumwa kwa mkono, tunda kwa tunda, nayo mabichi huachwa mtini yaive.