Chikanda cha Zambia na Viazi Visivyo na Jina

Msafiri avukaye mpaka wa Tunduma na kuingia Zambia hukutana na chikanda mapema. Huuzwa sokoni kwa vipande, rangi yake ya hudhurungi, nacho kikikatwa kwa kisu hutoa kipande kilaini kinachoshikana vizuri mithili ya soseji nene. Ndiyo maana Wazambia wenyewe kwa utani hukiita poloni ya Kiafrika, ingawa hamna nyama hata chembe ndani yake.

Asili yake ni kwa Wabemba na majirani zao wa kaskazini, pande za Kasama na Mbala. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini. Siku hizi huliwa Lusaka kama kawaida, na hata madukani hupatikana kikiwa kimefungwa katika karatasi zenye orodha ya vitu vilivyomo. Upishi wake si mgumu kwa mama aliyezoea jiko la makaa. Viazi huanikwa hadi vikakauka, vikatwangwa, na unga wake ukachekechwa. Unga huo huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili kavu na magadi kidogo, kisha husongwa katika maji yanayochemka mpaka ukaze. Hapo sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, ili uso wake uive kama mkate. Kinachokishikanisha ni ute uliomo katika viazi hivyo. Mpishi aliyepunja viazi hujulikana mara tu kisu kinapopita.

Lakini viazi hivi si vya shambani. Ni vya okidi, maua ya mwituni yaotayo katika mbuga za nyasi na mabonde yenye unyevu. Kila mmea huwa na viazi viwili: kimoja kinachoulisha mwaka huu, na kingine kichanga kilichowekwa akiba ya mwaka ujao. Anayechimba huung'oa mmea pamoja na kesho yake. Mbegu zake nazo ni ndogo kama vumbi, wala hazioti mpaka zikutane na kuvu za aina yake udongoni. Kwa hiyo bonde lililochimbwa halirudi upesi.

Okidi za Zambia zilipopungua, wafanyabiashara walitazama upande wa pili wa mpaka. Mwaka 2003 wataalamu walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 hivi vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kila mwaka kwenda Zambia. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na uchimbaji huo ni miongoni mwa mambo yaliyoharakisha uamuzi huo.

Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na kuzivusha mpaka kunataka kibali. Ugumu ni kujua ni okidi gani iliyomo ndani ya gunia. Zinapochanua, mtaalamu huzitenganisha kwa ua: jamii ya Satyrium ina pembe mbili nyuma ya ua, jamii ya Disa ina moja. Kiazi hakina pembe. Kikishakauka, na hasa kikishakuwa unga, ndugu wa karibu hawatofautiani tena kwa macho wala kwa kidole.

Hapo ndipo wataalamu wa vinasaba walipoitwa. Mwaka 2003 wanasayansi wa Kanada walipendekeza kwamba kila aina ya mnyama itambuliwe kwa kipande kifupi cha DNA yake, kama bidhaa ya dukani itambuliwavyo kwa mistari yake myeusi. Kwa wanyama jambo hilo lilikwenda vyema. Mimea ilikaidi, kwani kipande kile kile ndani yake hubadilika polepole mno, na aina mbili zilizo jirani huonekana moja. Mwaka 2009 vilichaguliwa vipande viwili vingine kwa ajili ya mimea, rbcL na matK.

Watafiti wa Ulaya na Zambia walivijaribu katika viazi vya masoko ya Zambia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018. Vipande vile viwili vilitaja ukoo tu, au jenasi, vikanyamaza kuhusu jina la mwenyewe. Kipande cha tatu, kiitwacho ITS, ndicho kilichowatenganisha ndugu: aina 16 katika jenasi sita, na tatu kati ya hizo hazijapata kuandikwa kuwa zinauzwa sokoni. Zilizoonekana mara nyingi zaidi ni Disa robusta, Platycoryne crocea na Satyrium buchananii.

Mwaka mmoja kabla ya hapo hata chikanda kilichokwisha kupikwa kilipimwa, vipande sita kwa jumla. Licha ya kutwangwa na kuchemshwa, vinasaba vilisomeka. Disa ilikuwamo katika vyote, Satyrium katika vitano, na Habenaria katika kimoja, pamoja na karanga na viungo vingine vya mpishi.

Hata hivyo alama ya kinasaba ni kama alama ya kidole: haimtaji mtu asiyekuwa katika daftari. Ni lazima kwanza mtaalamu apande mlimani wakati wa mvua, aikute okidi ikiwa na ua lake, ampe jina aliyemwona, ndipo kiazi cha sokoni kipate cha kulinganishwa nacho. Na kati ya okidi hizo zilizopatikana sokoni, chache tu ndizo zilizokuwa zimekaguliwa, hadi utafiti huo ulipotoka, kuona kama zimo hatarini kutoweka.

Kwa hiyo gunia likifika mpakani, afisa wa forodha huona viazi tu. Majina yake yako maabara, safari ndefu kutoka hapo, na kabla majibu hayajarudi chikanda kimekwisha kuliwa.