Kabla Umeme Haujakatika

Mjini Goma kazi ya montaji haiishi pale picha ya mwisho inapokaa mahali pake. Baada ya kukata, kupanga na kuweka maandishi, inabaki hatua moja: kutoa video, yaani kuiambia programu iunganishe kila kitu kuwa faili moja linaloweza kutumwa. Mstari mdogo unaanza kutembea kwenye skrini. Asilimia 8. Asilimia 9. Palipo na umeme wa kutegemewa, mstari huo ni nafasi ya kunywa chai. Hapa watu huutazama kama wanavyotazama mawingu siku ya kuanika mihogo. Umeme ukikatika kwenye asilimia 90 na betri ikiwa imechoka, faili la MP4 kwa kawaida halifunguki hata kidogo, kwa sababu orodha inayoonyesha wapi kila picha imekaa huandikwa mwishoni. Kazi inaanza upya.

Mhariri mmoja wa mtaa wa Majengo anaufahamu vizuri mstari huo. Anafanya kazi kwa mashine ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Anatengeneza video za arusi zinapopatikana, na kati ya arusi na arusi anatengeneza video fupi za habari kwa ajili ya wakaaji. Mwezi Januari 2025, vita vilipofika Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa. Mwezi Februari kambi zilizozunguka mji zikavunjwa, familia zikatawanyika kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Watu waliokuwa wakipata habari kwenye bomba la maji la kambi wakawa wanazipata kwa simu, kutoka mkono hadi mkono. Tangu hapo swali analoulizwa zaidi si la uzuri wa video. Wazee wanapita mlangoni na kuuliza: « Mwanangu, ile video iko tayari? »

Video wanayoiulizia mara nyingi ni ya dakika tatu. Muuguzi anaeleza dalili za kipindupindu, namna ya kuchemsha maji ya kunywa, na kwa nini mgonjwa apelekwe kituoni siku ileile. Ugonjwa huo unaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache akikosa maji mwilini. Video ya namna hiyo ikichelewa siku moja, kuna nyumba itakayoipata wakati haina kazi tena.

Ndiyo maana mhariri alianza kuhesabu. Dakika tatu kwa picha 25 kila sekunde ni picha 4,500. Kila moja lazima programu iifungue, iirekebishe rangi, iiwekee maandishi, ibadili ukubwa wake, kisha iibane upya. Picha ya 4K ina pikseli 8,294,400. Ile ya 1080 ina 2,073,600. Ile ya 720 ina 921,600, sehemu moja ya tisa ya 4K. Basi swali la kwanza halihusu mashine. Linahusu mama atakayeitazama, na simu aliyo nayo mkononi.

Mama huyo ana simu yenye skrini isiyozidi kiganja, kioo kimepasuka pembeni, na mega za kununua kidogo kidogo. Video ikimfikia kwa WhatsApp, programu hiyo huwa imeibana tena yenyewe, kwa hiyo uzuri wa ziada umetupwa njiani. Video ya dakika tatu iliyotolewa kwa megabiti 16 kila sekunde ina uzito wa megabaiti 360. Kwa megabiti 2 ina megabaiti 45. Mhariri hutoa kwa 720, picha 25, megabiti 2. Anaokoa dakika kwenye mashine, kisha anaokoa nyingi zaidi wakati wa kuituma, na mama anaokoa pesa zake.

Hatua ya pili ni kuitafuta chipu iliyolala. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011 zina sehemu maalumu ya kubana video, iitwayo Quick Sync. Kadi za NVIDIA zina yake, NVENC, tangu mwaka 2012. Programu kama Kdenlive, Shotcut na Premiere Pro zinaweza kuitumia, ila mara nyingi mtu lazima aichague mwenyewe katika dirisha la kutoa video. Bila hiyo, kazi yote inabebwa na prosesa, kama mtu anayesukuma chukudu mlimani huku lori limesimama tupu kando ya barabara. Chipu hiyo ina kasoro moja: kwa uzito uleule wa faili, picha yake hupungua ubora kidogo. Maandishi yakionekana na ukungu, mhariri huongeza megabiti kidogo, halafu anaendelea.

Hatua ya tatu huanza kabla ya montaji, kwenye simu inayopiga picha. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa H.265, ambayo hubana vizuri lakini huitesa mashine ya zamani wakati wa kuifungua. Katika mipangilio ya kamera mara nyingi kuna nafasi ya kuchagua H.264. Mhariri huwaomba wanaomletea picha wachague hiyo, na wapige kwa 1080, si kwa 4K. Vilevile hupanga mradi wake tangu mwanzo kwa ukubwa na idadi ya picha atakayotoa nayo, ili programu isigeuze kila kitu njiani.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza kazi hii hulichanganya. Nakala nyepesi, zile ambazo programu hutengeneza ili montaji isikwamekwame, zinarahisisha kukata. Wakati wa kutoa, kwa kawaida programu hurudi kwenye faili za asili, na uzito unarudi uleule. Kinacholemea zaidi hapo ni kazi kama kuondoa chenga za usiku au kutuliza picha inayotikisika. Kipande kinachohitaji kazi hizo mhariri hukitoa peke yake mapema, umeme ukiwepo, kisha anaweka matokeo yake katika mradi. Hesabu ngumu inafanyika mara moja tu, hata kama baadaye muuguzi atataka neno libadilishwe.

Halafu kuna mambo ya nyumbani. Mashine isiyochomekwa kwenye umeme hujipunguzia nguvu ili kulinda betri. Mashine yenye joto hujipunguzia nguvu pia, na vumbi jeusi la makoro linapenda sana kuziba feni. Kwa hiyo feni husafishwa kwa brashi laini, mashine hukaa juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, programu nyingine hufungwa, na faili hukaa kwenye diski ya SSD ya ndani, si kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwa USB ya zamani.

Lakini mbinu iliyomsaidia kuliko zote ni ya kugawa mzigo. Video ya dakika 12 huitoa kwa vipande vinne vya dakika tatu, vyote kwa mipangilio ileile. Umeme ukikatika, kinachopotea ni kipande kimoja. Mwishoni anaviunganisha kwa FFmpeg, programu ya bure, bila kubana tena chochote: inanakili tu, na kazi inaisha kwa sekunde. Njia hiyo hiyo inamsaidia kwenye lugha. Picha ni ileile, inabadilika sauti. Muuguzi akisema kwa Kiswahili, mwingine kwa Kihunde, mwingine kwa Kinyarwanda, hakuna haja ya kutoa video mara tatu. Sauti mpya inawekwa chini ya picha iliyokwisha kubanwa, na mtu wa Masisi anaelezwa ugonjwa kwa lugha ya mama yake. Sharti ni maandishi kwenye skrini yawe machache, au yasiwepo.

Na kwa wale wasio na simu ya kuonyesha video, hutoa sauti peke yake. Dakika tatu za maneno kwa kilobiti 64 hazifiki hata megabaiti moja na nusu. Sauti hiyo inaweza kwenda redioni, au kuwekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu na kusikilizwa na watu kumi chini ya turubai moja, mvua ikinyesha.

Wenzake wa kazi humcheka. Wanasema video ya 720 ni ya kizamani, na kwamba mteja wa arusi angekataa kulipa. Ni kweli, na kwa arusi yeye pia hutoa 1080, usiku kucha ikibidi, maana bibi arusi anaweza kungoja wiki. Mama mwenye mtoto anayeharisha hawezi.

Hata hivyo kuna kazi moja ambayo mhariri hakubali kuipunguza ili awahi. Ni ule ukungu unaowekwa juu ya nyuso. Mtu aliyekimbia akieleza yaliyompata, au mtoto aliyepotezana na wazazi, uso wake ukitambuliwa na asiyemtakia mema, video imegeuka hatari. Kuufuata uso unaotembea, picha baada ya picha, kunailemea mashine kuliko maandishi yote. Mhariri anaanza na hilo, halafu baada ya kutoa huitazama video nzima tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukungu ukiteleza kwa nusu sekunde tu, mtu anaweza kusimamisha picha hapo na kuona. Ukaguzi huo hula muda uleule ambao chipu na hesabu za pikseli zimeuokoa. Wazee wakiuliza mlangoni, huwajibu: « Baba, imeisha. Ngojeni kidogo, bado naiangalia. » Nao huketi.