Nani Kaikagua Mizani?

Watu wakisikia nipo mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya hewa, swali huwa moja: "Hewa ya Dar ni chafu kiasi gani?" Hakuna anayeuliza, "Mnajuaje?" Kwangu mimi, hilo la pili ndilo swali la mwanachuo.

PM2.5 ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Zinatoka kwenye moshi wa magari, mkaa, na takataka zinazochomwa nyuma ya hosteli zetu, na zinapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mashine hunyonya hewa lita 16.7 kwa dakika kupitia chujio kwa saa 24, jumla mita za ujazo 24. Unapima uzito wa chujio kabla na baada. Tofauti ndiyo vumbi.

Rahisi, eh? Sasa piga hesabu. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 24, unapata mikrogramu 360. Yaani kesi nzima ya hewa safi au chafu inaamuliwa na uzito wa punje chache za chumvi ya mezani.

Ndiyo maana chumba cha mizani kina masharti kama ya mganga. Chujio hulazwa humo saa 24, joto nyuzi 20 hadi 23, unyevu asilimia 30 hadi 40. Unyevu ukizidi, vumbi linanywa maji na uzito unapanda. Hakuna kugusa kwa kidole, ni kibano tu. Na lazima liwepo chujio tupu linalosafiri na mengine bila kupitishwa hewa. Likirudi zito, ujue uchafu umeingia njiani.

Majuzi wenzetu walitaka namba za kupeleka serikali ya mtaa kuhusu ule moshi wa takataka. Chujio lao lilipimwa kwetu, kisha kwenye maabara nyingine. Majibu yakapishana mikrogramu 70, karibu 3 kwa mita ya ujazo. Kwetu ilivuka 15, kwao haikufika. "Peleka ya kwenu bwana, tatu ni kitu gani?" mmoja akaniambia. Lakini kiwango cha WHO cha mwaka mzima ni 5 tu!

Tukapima vipande vilevile vya metali kote kuwili. Vikalingana, kwa hiyo mizani haikuwa na kosa. Daftari la chumba chetu likaonyesha umeme ulikatika usiku ule na unyevu ukapanda. Chujio likalazwa upya, likapimwa tena: chini ya 15.

Wenzetu walinuna, na nawaelewa, maana wanaokohoa ni wao. Ila namba ile ingepingwa na mtu yeyote mwenye mizani. Sasa wanapima siku nyingi zaidi, na kila chujio linapita maabara zote mbili.

Marekani, shirika la mazingira la EPA huzipa maabara sampuli ambazo jibu lake linajulikana, ila maabara haziambiwi. Ni mtihani kama wetu tu. Basi ukioneshwa namba ya hewa, hata kwenye simu yako, uliza: aliyepima, naye kapimwa na nani?