Matanga yakishaanuliwa, mjane afanye nini?

Umewahi kuzingatia jinsi nyumba ya msiba inavyonyamaza siku ya nne baada ya mazishi? Hema zimeng'olewa, sufuria za kanisa zimerudishwa, wafanyakazi wenzake marehemu wameshika njia ya Nairobi, na wewe uliyekuwa ukishikwa mkono na kila mtu waachwa na watoto, bahasha ya michango na swali moja: kesho niamkie nini?

Swali hilo lilinikuta Machi 2019, nikiwa na umri wa miaka 31. Mimi ni mzaliwa wa Makueni, upande wa Mbooni wenye vilima na baridi. Niliolewa ng'ambo ya Mto Athi, kusini mwa Kitui, pande za Mutomo ambako jua ndilo mwenyeji na binadamu ni mgeni. Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliugua ini miezi mitano tu, akatutoka.

Sitakudanganya kwamba nilipiga magoti siku ile ile nikapata amani. Nilikuwa Mkristo tangu utotoni, lakini kwa miezi saba sikuweza kuimba. Nilichoshwa na sentensi moja, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Aisemaye huwa hana nia mbaya, lakini jaribu kuambiwa hivyo na watu hamsini, wengine wakiwa wangali na sahani ya pilau mkononi. Nami nilijiuliza, ikiwa Mungu alimpenda mwalimu huyu kiasi cha kumchukua, je, watoto wake wawili hakuwapenda?

Isitoshe, msiba una mdogo wake, na jina lake ni shamba. Wiki ya sita shemeji yangu alikuja na mzee mmoja wa ukoo. Walizungumza kwa adabu sana. Walisema mimi ni kijana, kwamba kwetu ni Makueni, na kwamba ekari zile nne zingetunzwa vyema zaidi na mwanamume. Mama mkwe, aliyefiwa na mumewe miaka mingi kabla yangu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipeta pojo. Hakuinua macho. Alisema tu, "Mwanangu, hapa ndipo alipolala mtu wako. Usibebe kitu."

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu najua yuko dada anayesoma ukurasa huu akiwa amekwisha kufunga mizigo. Sheria ya Urithi, yaani Sura ya 160, ilianza kutumika Julai 1981. Inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa, hata kama anayeingilia ni ndugu wa damu. Mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na mali iliyobaki huwa na haki ya kuitumia maishani mwake, kisha huwaendea watoto. Walioiandika sheria hiyo walimwekea mwanamke sharti ambalo hawakumwekea mgane, kwamba akiolewa tena haki hiyo ilikuwa ikikoma. Ukiweka sharti hilo kando ya kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010, kinachowapa mume na mke haki sawa, waona wazi kuwa havipatani. Lakini kwanza tafuta cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Mengine yatafuata.

Nirudi kwenye imani. Mwezi wa nane mwenyekiti wa jumuiya yetu alibisha mlangoni. Nilimwekea kiti, nikajiandaa kupewa pole nyingine. Hakunipa pole. Alisema, "Mama, tumekosa katibu. Wewe waandika magazetini. Njoo Jumatano na kalamu."

Nilikasirika, msomaji. Mtu ana kidonda, nawe wamletea kazi! Lakini Jumatano nilikwenda, labda kwa kuwa nyumbani palikuwa kimya mno. Somo la siku hiyo lilikuwa la mjane wa Sarepta, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 17. Wajua habari zake: ukame umeshika nchi, mama anaokota kuni ili apike unga wa mwisho, yeye na mwanawe wale kisha wafe. Wahubiri wengi hukimbilia unga ambao haukupungua. Mimi nilinaswa na jambo lililotangulia. Nabii Eliya hakuja na gunia. Alikuja na njaa yake, akamwomba mama yule maji, kisha mkate. Mwanamke aliyekwisha kuhesabu mlo wake wa mwisho alihitajiwa na mtu. Na baadaye, mwanawe alipokata roho, mama huyo alimgombeza nabii bila kuficha kitu, na Biblia haikuyafuta maneno yake. Kwangu ushahidi huo ulitosha. Kumbe naweza kuwa na hasira na bado nikawa nyumbani mwa Mungu.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni desturi yetu Wakamba ya kusaidiana kazi, na huku Kitui tangu miaka ya 1990 imejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi kwa msaada wa shirika la SASOL. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mkavu, ukashikana na mwamba chini. Mvua ikija, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo ambako jua haliwezi kuyamaliza upesi. Wakati wa kiangazi wachimba kidogo tu ukapata maji. Lakini kabla ya hayo yote kuna mawe, na mawe hubebwa. Nilibeba mpaka kucha zikavunjika. Usiku ule nililala, jambo nililokuwa nimelisahau.

Ndivyo imani yangu ilivyorudi, kwa njia ya mgongo. Sala ilifuata nyuma polepole.

Daftari nalo likanipa kazi nyingine. Katika jumuiya walikuwamo wajane kadha waliokuwa na vyeti vya kifo vimekunjwa ndani ya sanduku bila kujua pa kuvipeleka. Nilianza kuandamana nao, mara kwa chifu, mara mahakamani Kitui. Mtume Paulo, katika Timotheo wa Kwanza sura ya 5, anasema wajane wa kuorodheshwa kanisani wawe wametimiza miaka 60, na vijana waolewe. Mimi sikuwa na sifa za orodha hiyo, na kuhusu kuolewa, wanaoniuliza huwajibu kwamba daftari halijajaa.

Njiani kina mama hao hupenda kumtaja Nyiva Mwendwa wa Kitui. Mumewe, Kitili Mwendwa, aliyekuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini, alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 1985. Miaka saba baadaye mama huyo alirudi Bungeni, na 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini Kenya. Ni kweli, yeye alikuwa na elimu na jina kubwa. Lakini mama wa Mutomo anayepanda matatu alfajiri akiwa na bahasha kifuani hulitaja jina hilo kama mtu anayeshika ukingo wa daraja.

Faili yangu ilikawia, hasa korona ilipopunguza shughuli za mahakama 2020, lakini ilikwisha mwaka uliofuata. Ekari nne ni za watoto wa mwalimu, nami nazilima. Mvua za Novemba zimekwisha kujaza mchanga nyuma ya ukuta wetu. Shemeji huja pale na punda wake kuchota maji kama watu wengine, na tukikutana hunisalimu, akauliza watoto wako darasa la ngapi.